KUSIMAMISHA MTAMBO NI KUIBA POSHO



Mwezi uliopita tulikaa mezani na mwajiri mmoja wa hapa Lilongwe kudai mishahara ya siku tatu. Kiwanda hatukitaji, maana mazungumzo hayajakwisha. Ni kiwanda cha tumbaku, na langoni pake kuna mtambo unaomtazama mfanyakazi usoni, ukamtambua, ukaandika saa aliyoingia. Karani wa daftari la mahudhurio aliondolewa siku mtambo ulipoletwa.

Msimu ulipoanza, vibarua wapya waliandikishwa. Wasimamizi waliwapiga picha kwa simu zao, na picha zikatiwa katika kompyuta ya ofisi. Jumatatu asubuhi mtambo ukaganda. Ukazimwa, ukawashwa, ukaganda tena. Askari wakafungua lango kwa mkono. Watu wakaingia kazini, wakachambua tumbaku, wakafunga marobota, wakafagia, siku tatu mfululizo. Siku ya nne fundi alikuja akautengeneza. Mwisho wa mwezi zile siku tatu hazikuwamo katika mshahara. Walipouliza wakajibiwa: "Kompyuta haina habari zenu."

Kilichowaokoa baadhi yao ni daftari la shule. Mama mmoja wa meza ya kuchambua alikuwa na desturi ya kuandika kila asubuhi majina ya wenzake waliofika, kwa sababu ya mchango wao wa kuzikana. Daftari lile tulilileta mezani. Watu wa meza yake wamelipwa. Watu wa meza nyingine tunawadai mpaka leo.

Katika mazungumzo yale mwajiri alisema neno moja ambalo ndilo limetufanya tuandike. Alisema: "Hapakuibiwa kitu. Mtambo ulisimama tu." Sisi tunasema neno hilo si kweli, na katika makala haya tutaeleza kwa nini.

PICHA INAWEZAJE KUANGUSHA MTAMBO

Kwanza tulitaka kujua mtambo uliangushwa na nini. Pale ofisini mmoja alisema umeme, mwingine akasema virusi. Hatukuridhika. Tukaenda Dzaleka, wilaya ya Dowa, mwendo usiofika kilometa 50 kutoka hapa Lilongwe. Wengi wenu mnaijua kambi hiyo. Zamani palikuwa gereza la wafungwa wa kisiasa, na tangu 1994 ni makazi ya wakimbizi. Palitengwa kwa watu 10,000 hadi 12,000, na leo wamepita 50,000, wengi wao Wakongo, na Warundi na Wanyarwanda. Kiswahili hapo unakisikia kila kibanda. Jambo ambalo wengi hawalijui ni kwamba hapo pia pana vijana wanaojifunza kutengeneza programu za kompyuta, kama wale wa TakenoLab. Tulimpata kijana mmoja wa Kivu anayeijua kazi hiyo, tukamweleza mambo yote.

Alituuliza swali moja tu: "Wazee, kabla haujaganda, mliutia picha mpya?" Tukasema ndiyo. Akacheka, akatueleza kwa lugha tunayoielewa. Nasi tunawaeleza vilevile.

Picha ndani ya kompyuta ni vidoti vingi vya rangi vilivyopangwa kwa safu, navyo huitwa pikseli. Vidoti hivyo vikiwekwa vyote kama vilivyo, hujaza nafasi kubwa mno. Kwa hiyo picha hubanwa, kama tunavyobana tumbaku au katani katika robota. Robota likifunguliwa hufura likajaza chumba. Na kila picha iliyobanwa ina kibandiko mbele yake kinachosema: upana wangu ni vidoti kadhaa, urefu wangu ni vidoti kadhaa.

Mtambo unapopokea picha, husoma kibandiko kwanza. Kisha hutenga nafasi ya kutosha katika kumbukumbu yake kabla haujaona mzigo wenyewe. Hapo ndipo penye kosa. Tuseme kibandiko kinadanganya kwamba picha ina upana wa vidoti 50,000 na urefu wa vidoti 50,000. Zidisha mwenyewe: ni vidoti 2,500,000,000. Kila kidoti kikihitaji baiti 4, zinatakiwa baiti 10,000,000,000, yaani gigabaiti 10. Kompyuta nyingi za ofisi zina gigabaiti 8 au 16 kwa kazi zote. Na faili lenyewe linaweza kuwa dogo kuliko picha ya kawaida ya simu. Ni kama karani wa ghala anayeletewa bahasha iliyoandikwa "magunia 10,000". Naye bila kuifungua anatoa mizigo yote nje ili kupisha magunia hayo. Ghala limesimama, na bahasha ina karatasi moja.

Kuna hila nyingine ya namna hiyo. Aina ya picha iitwayo TIFF inaweza kuwa na kurasa nyingi, na kila ukurasa husema ukurasa unaofuata uko wapi. Ukurasa wa mwisho ukidanganya ukasema unaofuata ni ule wa kwanza, mtambo usio na tahadhari utazunguka bila mwisho, kama ng'ombe wa kinu asiyeambiwa basi.

Kwa nini basi mtambo wetu ulianguka tena kila ulipowashwa? Kijana akasema: kwa sababu picha zilikuwa katika foleni, na ile mbovu ilikuwa ya kwanza. Mtambo ukiamka huichukua, huanguka. Ukiamka tena huichukua ile ile. Picha nzuri zilizo nyuma yake hazifikiwi kamwe. Fundi alipokuja hakutengeneza kitu kikubwa. Aliondoa faili moja. Tulipomwuliza fundi huyo baadaye, alikiri kuwa ndivyo ilivyokuwa. Ilikuwa picha iliyoharibika wakati wa kutumwa kutoka simu kwenda ofisini. Hapakuwa na adui wala mchawi. Lakini kinachoweza kutokea kwa bahati mbaya, mtu mwenye nia mbaya anaweza kukifanya kwa makusudi. Wataalamu huliita jambo hilo kunyima huduma.

MAKOSA HAYA YANAJULIKANA

Ndugu wafanyakazi, msidhani kwamba jambo hili ni la kiwanda kimoja. Watengenezaji wa programu hawaanzi kila kitu upya. Wanayo maghala ya vipuri vilivyo tayari, nao huyaita maktaba. Anayetaka programu yake ifungue picha huchukua kipuri kama libpng, libjpeg, libtiff, libwebp au ImageMagick. Vipuri hivi vimo katika simu, benki, hospitali na malango ya viwanda duniani kote. Kipuri kikiwa na ufa, ufa uko kila mahali kilipofungwa.

Nyufa zimeonekana mara nyingi. Mwaka 2016 iligunduliwa kwamba ImageMagick inaweza kudanganywa kwa picha hata ikatekeleza amri za mtu wa nje. Septemba 2023 ufa katika libwebp uliwalazimu watengenezaji wa programu kubwa za kutazamia intaneti, Chrome na Firefox zikiwamo, kutoa marekebisho kwa haraka. Hayo yalikuwa makosa ya kuvunja mlango na kuingia, na dunia iliamka.

Lakini makosa ya kusimamisha tu, kama lile la langoni kwetu, mara nyingi hupewa daraja la chini. Watu hujiambia kwamba siri hazikutoka na fedha hazikuhamishwa, basi utawasha mtambo upya na mambo yataendelea. Ni maneno yale yale ya mwajiri wetu: hapakuibiwa kitu.

Mwenye shibe hamjui mwenye njaa. Kwa mwenye mtambo, kusimama ni usumbufu wa saa kadhaa. Kwa kibarua wa siku, siku isiyoandikwa ni siku isiyolipwa, na siku isiyolipwa ni sufuria tupu jioni. Jasho limetoka, tumbaku imefungwa, robota limeuzwa, malipo hayakutolewa. Sisi jambo hilo tunaliita wizi, hata kama mwizi hakukusudia.

MTAZAMO WA DZALEKA

Pale Dzaleka jambo hili lina uzito kuliko kwetu, na ndiyo sababu hatukuondoka haraka. Mwishoni mwa 2013 Shirika la Umoja wa Mataifa la Kuhudumia Wakimbizi lilifanya hapo majaribio ya mtambo wake mpya wa kutambua watu. Mtambo huo huchukua alama za vidole vyote kumi, mboni za macho mawili, na sura. Karibu watu 17,000 waliandikishwa. Baada ya hapo ulipelekwa nchi nyingine nyingi. Kwa hiyo wakimbizi wa Dzaleka walikuwa miongoni mwa watu wa kwanza duniani ambao mtambo huo uliwatambua kwa picha za miili yao.

Hatusemi kwamba mtambo ule ni mbaya. Wenyewe walituambia kwamba kadi hupotea na jicho halipotei, na kwamba mjanja hawezi kuchukua mgao mara mbili. Hayo ni mambo mema. Wala hatusemi kwamba umewahi kuangushwa na picha mbovu. Swali letu ni la chama: siku ambayo mtambo wowote wa namna hiyo utasimama, nani atalala njaa? Mkimbizi katika nchi hii sheria inambana asifanye kazi kwa uhuru. Mwaka 2023 Serikali iliwaamuru waliokuwa wakiishi mijini warudi kambini, na wengine waliacha maduka yao hapa Lilongwe. Kwa mtu kama huyo mgao ndio mshahara, na foleni ya mgao ndiyo lango la kiwanda.

Nasi raia tusijione tuko mbali. Mwaka 2017 nchi hii iliandikisha wananchi zaidi ya milioni 9 kwa picha na alama za vidole ili wapewe vitambulisho. Februari 2024 kazi ya kutoa pasipoti ilikuwa imesimama, na Rais wa wakati huo, Lazarus Chakwera, aliliambia Bunge hapa Lilongwe kwamba mtambo wa Idara ya Uhamiaji ulikuwa umeingiliwa na watu waliodai fedha, na kwamba Serikali haitawalipa. Hatulitaji jambo hilo kwa sababu ya picha. Tunalitaja kwa sababu ya foleni. Walioumia ni vijana waliokuwa wamepata kazi nje ya nchi na wagonjwa waliotaka kwenda kutibiwa. Hao hawakuwa na ugomvi na mtu yeyote.

KIPANDE CHA ZAMANI NA KIPANDE CHA LEO

Wazee wetu walikijua kipande. Kule Kenya sheria yake ilitungwa 1915, ikatekelezwa baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Mwanamume Mwafrika alichukuliwa alama za vidole, akalazimishwa kutembea na karatasi yake ndani ya kikopo cha bati, na wengi wakakining'iniza shingoni. Harry Thuku na wenzake walikipinga 1921, na Thuku akatiwa kizuizini mwaka uliofuata. Katika mashamba ya mkonge ya Tanganyika kipande kilikuwa kadi ya siku 30. Ukimaliza kazi ya siku, mnyapara anakutilia alama. Usipomaliza, siku haihesabiwi.

Hatukisifu kipande, kilikuwa mnyororo. Lakini tuone jambo moja. Kadi ile ya mkonge ilikaa mfukoni mwa mfanyakazi. Mnyapara akimdhulumu, aliweza kuitoa na kusema: tazama, jana ulinitilia alama. Kipande cha leo kimo ndani ya kompyuta ya tajiri, na mfanyakazi hana nakala. Kikifutika kimefutika, na mwenye kusema kilikuwaje ni tajiri peke yake. Ile "kompyuta haina habari zenu" isingekuwa na nguvu kama kila mmoja wetu angekuwa na karatasi yake mkononi.

MAFUNDI WASIOLIPWA

Jambo jingine alilotueleza yule kijana lilitushangaza. Tulidhani vipuri hivi vya picha vinatengenezwa na makampuni makubwa yenye maelfu ya waajiriwa. Sivyo. Vingi ni vya bure, vinatunzwa na watu wachache, na wengine wao hufanya kazi hiyo usiku baada ya kazi zao, bila mshahara. Makampuni yanavichukua, yanavifunga ndani ya mitambo, yanaiuza kwa fedha nyingi. Ufa ukionekana, yanamwandikia yule wa bure kwamba aharakishe.

Ndugu, hiyo tunaijua. Ni jasho la mmoja na faida ya mwingine. Zipo juhudi njema. Tangu 2016 kampuni ya Google inaendesha mpango wa kuvitupia vipuri vya bure mafaili mabovu usiku na mchana ili nyufa zionekane mapema. Lakini kuonyesha ufa si kuuziba, na anayeuziba naye anakula. Basi tusiwalaumu mafundi hao. Ni wafanyakazi wenzetu, ingawa hatujawaona. Vilevile tusimlaumu karani aliyetia ile picha mbovu. Pale kiwandani walitaka kumkata mshahara. Tulikataa. Mtambo unaoangushwa na picha moja ulikuwa na kasoro siku uliponunuliwa.

TUNADAI NINI

Hatutaki mitambo ivunjwe. Wala hatutaki kusikia kwamba mambo haya ni ya wasomi. Dawa zake zinajulikana, na nyingine hazigharimu hata tambala. Kwa hiyo tunawaomba viongozi wa matawi watie mambo haya katika kila mkataba wa kazi unaohusu mitambo ya sura na vidole.

Moja. Mtambo usome kibandiko na ukatae mzigo uliopita kiasi. Vipuri vingi vimeshawekewa uwezo huo. ImageMagick inaruhusu kuwekewa mipaka ya upana, urefu, kumbukumbu na muda. Pillow, kinachotumiwa sana na wanaoandika programu, hutoa onyo picha ikipita vidoti milioni 89 hivi, na ikipita mara mbili ya hapo hukataa. Mwajiri amwulize aliyemwuzia: mipaka imewekwa, au imeondolewa?

Mbili. Picha mpya zifunguliwe katika chumba cha pembeni, yaani programu iliyotengwa na ile ya lango, na faili lililoangusha mtambo mara mbili liwekwe kando lisiguswe mpaka fundi afike. Picha ya mtu mmoja isifunge njia ya watu elfu.

Tatu. Marekebisho ya programu yatiwe kila yanapotolewa, na mwajiri amwonyeshe mwakilishi wa chama tarehe yalipotiwa.

Nne. Daftari la karatasi lirudi langoni, likae pamoja na mtambo, na kila mfanyakazi apewe kikaratasi cha siku zake kila wiki.

Tano, na hili ndilo kubwa. Iandikwe katika mkataba kwamba siku mtambo uliposimama ni siku ya kazi kwa kila aliyefika. Anayedai kwamba mtu hakufika ndiye alete ushahidi. Hivi sasa mzigo huo tumebebeshwa sisi, ilhali mtambo si wetu.

Na kwa wale wenye kuwahudumia ndugu zetu wa Dzaleka, tunaomba vivyo hivyo kwa heshima: mtambo ukisimama, mgao usisimame. Iwepo orodha ya karatasi, na wakimbizi wenyewe washirikishwe kuitunza. Na vijana wao wanaoijua kazi ya kompyuta waruhusiwe kuifanya. Maarifa yaliyotufumbua macho tuliyapata kambini, na yule aliyetupa hana ruhusa ya kuajiriwa katika kiwanda kile kile ambacho mtambo wake aliueleza bila kuuona.

Wakati tunangoja mikataba, kazi ya kesho asubuhi tunaijua. Kila meza, kila mstari wa shamba, achaguliwe mmoja mwenye mwandiko mzuri. Anunue daftari kwa mchango wa wote. Aandike tarehe, majina, na saa ya kuingia, na wawili watie sahihi chini. Mama yule wa kuchambua tumbaku hakujua habari za pikseli, lakini daftari lake limelipa mishahara. Mwezi ujao tunarudi mezani kudai ya waliobaki, na safari hii tunataka kwenda na madaftari ya meza zote.

Umoja ni nguvu.